Mpaka Uliohama na Watu Waliobaki

Kama unayo ramani ya Amerika ya Kaskazini, ikunjue mezani kabla hatujaanza. Kama huna, chukua kalamu uchore mwenyewe: Marekani juu, Meksiko chini, na katikati mto mrefu unaoteremka mpaka Ghuba ya Meksiko. Wamarekani huuita Rio Grande. Wameksiko huuita Río Bravo. Hata jina la mto hawakupatana.

Sasa futa mpaka huo, maana mwaka 1821, Meksiko ilipojitoa katika utawala wa Hispania, haukuwa hapo. Ulikuwa mbali sana kaskazini. Texas, New Mexico, Arizona, Utah, Nevada na California zote zilikuwa nchi ya Meksiko. Basi mpaka ulishukaje? Na watu waliokuwa wakikaa huko walipatwa na nini? Vitabu vingi hujibu swali la kwanza kwa urefu na kulipita la pili. Sisi leo tutafanya kinyume: vita tutavipita mbio, tukae zaidi na raia.

Mambo yalianza Texas. Nchi ile ilikuwa kubwa na watu wachache, kwa hiyo katika miaka ya 1820 serikali ya Meksiko ilikaribisha walowezi kutoka Marekani. Wengi wao walikuja na watumwa wao kulima pamba. Mwaka 1829 Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, alitangaza kuondoa utumwa. Texas iliachwa nje ya amri hiyo, lakini walowezi walikwisha kushtuka. Na mwaka uliofuata Meksiko ilipowafungia mlango wageni zaidi kutoka Marekani, hasira ilizidi. Hata wakaasi, na mwaka 1836 wakashinda, na mwaka 1845 Marekani ikaitwaa Texas.

Rais wa Marekani, James Polk, akapeleka askari katika ardhi ambayo kila upande ulidai ni yake. Mwaka 1846 risasi zikalia, naye akaliambia Bunge kwamba damu ya Wamarekani imemwagika katika ardhi ya Marekani. Mbunge mmoja aliyekuwa bado hajulikani, Abraham Lincoln, alimtaka aonyeshe mahali penyewe hasa. Swali zuri, lakini aliliuliza Desemba 1847, na tangu Septemba bendera ya Marekani ilikuwa ikipepea katika mji mkuu wa Meksiko.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 2 Februari 1848, mahali paitwapo Guadalupe Hidalgo. Tukihesabu na Texas, Meksiko ilipoteza zaidi ya nusu ya nchi yake, ikalipwa dola milioni 15. Siku tisa kabla ya hapo dhahabu ilikuwa imeonekana California, na waliotia sahihi hawakuwa na habari.

Hapa ndipo somo letu lenyewe linapoanza. Katika nchi iliyochukuliwa walikuwamo Wameksiko wanaokadiriwa kuwa 80,000 hadi 100,000. Kifungu cha 8 cha mkataba kiliwapa mwaka mmoja. Aliyetaka kubaki raia wa Meksiko aweza kuhamia kusini, au kukaa palepale na kutamka kwamba bado ni Mmeksiko. Aliyenyamaza mpaka mwaka ukaisha alihesabiwa kuwa amechagua uraia wa Marekani. Tafakari jambo hilo, msomaji. Mchungaji wa kondoo aliyekaa mbali na mji, asiyepata gazeti, alilala ni raia wa nchi moja akaamka ni raia wa nchi nyingine, na kunyamaza kwake kukaitwa kuchagua.

Na wenyeji wa asili hawakupata hata hayo. Sheria za Meksiko ziliwahesabu Wahindi kuwa raia. Marekani haikuwapa uraia wote kwa jumla mpaka mwaka 1924.

Mkataba uliahidi kwamba mali za Wameksiko zitaheshimiwa. Kulikuwa na kifungu cha 10 kilichozilinda waziwazi hati za ardhi zilizotolewa na serikali ya Meksiko. Seneti ya Marekani ilikifuta. Matokeo yake yakaonekana California, ambako watu walikuwa wakimiminika kwa maelfu kutafuta dhahabu, na waliokosa dhahabu wakatafuta mashamba. Sheria ya mwaka 1851 ilimtaka kila mwenye hati ya Kihispania au ya Kimeksiko aipeleke mbele ya tume, athibitishe kwamba ardhi ni yake. Madai 813 yalipelekwa. Mipaka ya mashamba mengi ilikuwa imechorwa kwa mkono zamani, alama zikiwa kijito, mti au mwamba, na kila jirani alizijua. Sasa zilisomwa na watu wageni, kwa lugha ya Kiingereza, na kesi zikapanda kutoka mahakama hadi mahakama. Kwa wastani zilichukua miaka 17. Wengi katika wenye mashamba walishinda. Lakini mawakili walitaka kulipwa, na mashahidi, na wapima ardhi. Na mtu ambaye mali yake yote ni ng'ombe na shamba hulipa kwa ng'ombe, kisha kwa shamba. Wako walioshinda kesi na shamba limekwisha kwenda.

Mimi huona habari ya kijiji cha Mesilla kuwa yafunza kuliko hiyo. Baada ya mkataba, familia kadhaa za Kimeksiko katika New Mexico ziliamua kwamba hazitaki bendera mpya. Hazikupigana. Zilivuka mto kwenda ng'ambo ya magharibi, upande uliohesabiwa bado kuwa wa Meksiko, zikachimba mifereji, zikapanda mazao na kujenga kijiji. Ndivyo mkataba ulivyoruhusu: ukitaka kubaki Mmeksiko, hama. Wakahama.

Lakini Marekani ilitaka njia ya reli ya kwenda Bahari ya Pasifiki, na njia nyepesi ilipita kusini ya mpaka. Mwishoni mwa mwaka 1853 balozi James Gadsden alipatana na Santa Anna, aliyekuwa mtawala wa Meksiko na aliyehitaji fedha sana. Kwa dola milioni 10 ikauzwa ardhi ya maili za mraba karibu 30,000. Mesilla ilikuwamo. Mwaka 1854 watu wale walikuta tena bendera ile waliyoikimbia imesimamishwa juu ya kijiji chao. Twaweza kumlaumu jirani mwenye nguvu, na lawama anayo. Lakini safari hii muuzaji alikuwa mtawala wao wenyewe. Wameksiko hawakusahau hilo, na mwaka 1855 Santa Anna alipinduliwa.

Karne moja baadaye mambo yalikuwa yakiendelea kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1930, kazi zilipokosekana Marekani, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Meksiko walisukumwa kurudi kusini, na wengi wao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Jimbo la California liliomba radhi kwa sheria mwaka 2005. Mwaka 1942, vita vilipochukua vijana wa Marekani, Wameksiko waliitwa tena kuvuna mashamba, kwa mpango uliodumu mpaka 1964.

Liko jambo moja la kurudishwa nalo. Mto una tabia ya kuhama. Mnamo 1864 mafuriko yaliusukuma kusini, kipande kiitwacho Chamizal kikajikuta upande wa Marekani, katika mji wa El Paso. Mwaka 1911 wasuluhishi waliamua kigawanywe, Marekani ilikataa. Meksiko haikuwa na jeshi la kulazimisha, ila haikuacha kudai, rais baada ya rais. Mwaka 1963 ikapatikana sulhu, na 1967 Meksiko ikakabidhiwa ekari karibu 437. Mto ukatengenezewa mfereji wa saruji ili usihame tena. Lakini watu 5,000 na zaidi wa El Paso walilazimika kuacha nyumba zao, nao walikuwa hasa raia wa Marekani wenye asili ya Meksiko.

Na tangu mwaka 1998 katiba ya Meksiko yasema kwamba Mmeksiko wa kuzaliwa hawezi kunyang'anywa utaifa wake, hata akichukua uraia wa nchi nyingine.

Kwa vikundi vya wasikilizaji: mmoja wenu asome tena habari ya Mesilla kwa sauti. Kisha jadilianeni: kama mngalikuwa katika zile familia mwaka 1854, mngalivuka tena?