Herufi 4 zilizoziba pipa la taka la seli

Wiki hii nimepambana na programu iliyokuwa ikichukua kumbukumbu ya tarakilishi bila kuirudisha. Asubuhi mambo shwari, jioni mashine imeganda. Nikakumbuka ugonjwa wa Tay-Sachs, maana kisa ni kile kile, ila huu hutokea ndani ya ubongo wa mtoto.

Mwaka 1881 jijini London, daktari wa macho Warren Tay aliona doa jekundu nyuma ya jicho la mtoto mchanga. Mwaka 1887 Bernard Sachs wa New York akaeleza jinsi seli za ubongo zilivyoharibika. Watoto hawa huonekana wazima wakizaliwa. Baada ya miezi michache hushindwa kuketi, huwa vipofu, na wengi hufa kabla ya miaka 5. Chanzo? Hakuna aliyejua. Mtambo wenyewe ulioharibika ulikuwa haujagunduliwa!

Ulipatikana kwa bahati. Huko Leuven, Ubelgiji, Christian de Duve alikuwa akichunguza maini ya panya. Kimeng'enya kimoja kilionekana kidogo mno. Sampuli zikakaa kwenye friji siku 5, zilipopimwa tena kikawa kimeongezeka. Kumbe kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko vidogo, navyo vikavuja. Mwaka 1955 akaviita lisosomu: humo seli huvunjavunja taka zake na kupata malighafi ya kutumia upya.

Mwaka 1969 Shintaro Okada na John O'Brien wakaonyesha kinachokosekana katika Tay-Sachs: kimeng'enya heksosaminidasi A. Bila hicho, mafuta fulani ya seli za neva hayavunjwi. Hurundikana hadi seli hufa.

Na mdudu wenyewe? Ulionekana mwaka 1988. Kwa Wayahudi wengi wa asili ya Ashkenazi wanaobeba ugonjwa huu, jeni ya HEXA imeongezewa herufi 4. Seli husoma herufi tatu tatu, kwa hiyo kila kinachofuata kinasomwa kombo. (Wanaprogramu, mnanielewa.)

Mzazi mwenye nakala moja mbovu haugui. Wakikutana wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Ndiyo maana mwaka 1971 Michael Kaback alianza kupima damu za watu wazima maeneo ya Baltimore na Washington, na baadaye watoto wagonjwa katika jamii hiyo Marekani na Kanada wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Tiba ya kuponya bado haijapatikana. Kimeng'enya kikitiwa kwenye damu, kizuizi kinacholinda ubongo hukiacha nje.