Ndago Kwenye Damu

Miaka 27 kazi yangu maabara ilikuwa kuhesabu. Slaidi ya damu iliyopakwa rangi ya Leishman, tone la mafuta, lenzi ya mia, na vitufe chini ya vidole: seli nyeupe 100, kila aina na kitufe chake. Mgonjwa wa lukemia, saratani ya damu, akimaliza dawa, natafuta blasti, zile seli changa za ugonjwa, siioni hata moja, naandika majibu kwa moyo mweupe. Miezi ikipita, jina lilelile limerudi dirishani na slaidi imejaa tena. Kumbe blasti zote tulizipa uzito mmoja.

Hesabu ya namna nyingine ilianzia Toronto, Kanada. James Till alikuwa mwanafizikia, Ernest McCulloch daktari. Waliwapiga panya mionzi mpaka uboho ukafa, kisha wakawadunga uboho wa panya wazima. Jumapili moja McCulloch alikwenda maabara kuwachungulia, akakuta vinundu kwenye bandama. Mwingine angeandika "bandama si ya kawaida" akaenda zake kula; mimi ningekuwa wa kwanza. Yeye alivihesabu, akachora grafu. Seli zikidungwa nyingi, vinundu navyo vinazidi: kimoja kwa kila seli 10,000 hivi. Walichapisha mwaka 1961. Mwaka 1963, pamoja na mwanafunzi wao Andrew Becker, walionyesha kwamba kinundu kizima huzaliwa na seli moja. Seli za namna hiyo ndizo seli shina.

Mji huohuo, mwaka 1994, timu ya John Dick ilidunga seli za lukemia ya binadamu kwenye panya wasio na kinga. Karibu zote hazikuota. Zilizoota zilikuwa chache mno, zenye alama ya protini ya CD34 bila ya CD38. Dawa nyingi huua seli inayogawanyika. Hizi chache mara nyingi zimelala, hazigawanyiki. Aliyewahi kupalilia ndago hahitaji maelezo: juu peupe, kiazi kiko chini.

Kuziona, hubandikwa kingamwili zenye rangi ing'aayo, zikapita mojamoja mbele ya leza. Kuzipiga ndiyo kazi, maana seli shina nzima za uboho wetu nazo huvaa alama hizohizo.

Kwenye hadubini yangu hazikuwa na sura yoyote ya pekee: duara, kiini kikubwa, saitoplazimu nyembamba. Bila shaka nimewahi kuibofya mojawapo. Kitufe cha kwanza, kushoto.