Kwa nini vioo vya ndege hupasuka wakati wa baridi kali

MNAMO Februari 16, 2007, marubani waliokuwa wakitumia kiwanja cha ndege cha kimataifa cha Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani, walianza kutoa taarifa zilizofanana: kioo cha mbele kimepata ufa. Katika muda wa takriban saa tatu na nusu, ndege 14 zilikuwa zimekumbwa na mkasa huo na jumla ya vioo 26 vilikuwa vimeharibika.

Kulikuwa na baridi kali siku hiyo, na upepo ulikuwa ukivuma kwa kasi iliyofikia takriban kilomita 77 kwa saa. Jibu la kwanza lililowajia watu wengi likawa ni kwamba baridi ndiyo iliyovunja vioo.

Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani, NTSB, ilipovichunguza vioo hivyo ilifikia uamuzi tofauti. Vilikuwa vimegongwa na chembechembe ngumu zilizopeperushwa na upepo. Ulioshukiwa zaidi ni mchanga mkali unaomwagwa katika viwanja vya ndege vya nchi za baridi ili magurudumu yasiteleze kwenye barafu.

Tukio la Denver linafichua jambo ambalo wasafiri wengi hawalifahamu. Ni nadra baridi peke yake kupasua kioo cha ndege. Aghalabu huwa inakuza kasoro iliyokuwapo tayari: mkwaruzo, unyevu uliojipenyeza au joto lisilosambaa sawasawa.

Ushahidi wa hayo unapatikana katika kila safari. Ndege iliyopaa kutoka Mombasa kukiwa na joto la nyuzi 30 za Selsiasi hupanda hadi kimo cha mita 10,000 na zaidi, na huko hukutana na baridi inayopita nyuzi 30 chini ya sifuri. Katika maeneo yaliyo mbali na Ikweta, baridi ya angani kwenye kimo cha mita 11,000 hukaribia nyuzi 56 chini ya sifuri. Lau baridi ingetosha kuvunja kioo, hakuna ndege ambayo ingemaliza safari.

Kioo cha mbele cha ndege kubwa ya abiria hakifanani na cha dirisha la nyumba. Kimeundwa kwa matabaka kadhaa yaliyogandamanishwa. Tabaka la nje ni kioo chembamba kigumu kinachostahimili mikwaruzo na mvua. Nyuma yake huwa na matabaka mazito ya kioo au plastiki ngumu, ambayo ndiyo yanayobeba mzigo wa hewa iliyoshindiliwa ndani ya ndege. Kati ya tabaka na tabaka hutandazwa plastiki laini inayoyashikanisha.

Mzigo huo si haba. Ndege inapokuwa juu sana, hewa ya ndani husukuma kioo kuelekea nje kwa nguvu inayozidi uzito wa tani tano kwa kila mita mraba. Kanuni za Marekani zinataka pia kioo hicho kisitobolewe na ndege wa mwituni mwenye uzito wa kilo 1.8 anapogongwa katika kasi ya kawaida ya safari.

Hapo ndipo umuhimu wa joto unapojitokeza. Ndani ya kioo huwa na utando mwembamba mno unaopitisha umeme, ambao hukipasha joto. Katika ndege nyingi kubwa, joto hilo hudumishwa kati ya nyuzi 35 na 45. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia barafu na ukungu visimzibe rubani macho. Kazi ya pili, isiyojulikana sana, ni kuifanya plastiki ya katikati ibaki laini na yenye kunepa. Plastiki hiyo ikipoa kupita kiasi huwa kavu na ngumu, na uwezo wa kioo wa kuhimili kishindo cha ndege wa mwituni hupungua.

Hata hivyo, mtambo huo wa kukinga kioo unaweza pia kuwa chanzo cha ufa. Mtu anayemimina chai ya moto katika glasi baridi huelewa sababu. Upande wa ndani hupata joto na kutanuka upesi, ilhali upande wa nje bado umesinyaa kwa baridi. Mvutano huzuka baina ya pande hizo mbili, na kioo, ambacho kwa asili hustahimili kugandamizwa kuliko kuvutwa, hukatika mahali penye udhaifu.

Ndege iliyolala nje usiku kucha katika theluji huwa imepoa hadi kwenye kiini cha kioo. Umeme ukiingizwa ghafla kwa nguvu zote, mvutano wa aina hiyo hutokea. Ndiyo sababu mitambo ya ndege nyingi hupandisha joto hatua kwa hatua. Marubani wa Boeing 737, kwa mfano, huelekezwa kuwasha joto la vioo angalau dakika 10 kabla ya kupaa.

Sababu nyingine ni tofauti ya vifaa vyenyewe. Plastiki ya katikati husinyaa zaidi kuliko kioo inapopata baridi, na fremu ya alumini inayozunguka dirisha nayo husinyaa kwa kiwango chake. Kila kimoja humvuta mwenzake. Pembeni mwa kioo, plastiki inayosinyaa yaweza kubandua vipande vidogo vya kioo ilichogandamana nacho, na kila kipande kikibanduka huacha kovu ambalo ufa waweza kuanzia.

Adui wa tatu ni unyevu. Kingo za kioo huzibwa kwa mpira maalumu ambao huchakaa kwa jua, baridi na miaka ya kazi. Mpira ukipata mwanya, maji hupenya polepole hadi kwenye nyaya za kupasha joto. Hapo umeme huanza kuruka na kutoa cheche, na sehemu moja ya kioo huungua wakati sehemu nyingine zingali baridi.

Hatari ya jambo hilo ilishuhudiwa nchini China mnamo Mei 14, 2018. Ndege aina ya Airbus A319 ya shirika la Sichuan Airlines ilikuwa ikitoka Chongqing kwenda Lhasa ikiwa na abiria 119 na wahudumu tisa, marubani wakiwemo. Ikiwa juu ya mita 9,000, kioo cha mbele upande wa kulia kilipasuka na kung'oka. Rubani msaidizi alivutwa nje nusu mwili, akaokolewa na mkanda wa kiti. Rubani mkuu, Liu Chuanjian, aliiongoza ndege hiyo huku upepo na baridi kali vikimpiga, hadi akatua salama mjini Chengdu.

Uchunguzi ulionyesha kwamba huenda maji yalikuwa yamepenya kupitia kwenye kizibo kilichoharibika, yakalowesha waya wa kupasha joto na kusababisha cheche. Joto hilo la sehemu moja ndilo lililovunja matabaka mawili yanayobeba mzigo. Tukio lenyewe lilikuwa la mwezi Mei, wala si la majira ya kipupwe.

Aidha, baadhi ya madhara husababishwa na mikono ya binadamu ndege ingali chini. Kabla ya kupaa katika theluji, ndege hunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu, ambayo hupashwa joto hadi nyuzi 60 au zaidi. Wahudumu huonywa wasielekeze mrija moja kwa moja kwenye vioo vya marubani, kwa kuwa dawa hiyo ya moto yaweza kupasua kioo baridi au kupenya kwenye vizibo. Vilevile, barafu haipaswi kukwanguliwa kwa chuma, maana mkwaruzo usioonekana leo waweza kuwa ufa kesho.

Ufa unapotokea angani, mara nyingi huwa ni wa tabaka la nje pekee. Kioo hujaa mistari kama utando wa buibui na kumtisha anayekitazama, lakini matabaka ya ndani huendelea kubeba mzigo. Kazi ya kwanza ya rubani ni kutambua ni tabaka gani lililoathirika. Njia mojawapo ni kupitisha ukucha au ncha ya kalamu upande wa ndani: ikikwama kwenye ufa, basi tabaka la ndani limeguswa na hatari ni kubwa.

Kulingana na maelekezo ya ndege husika, rubani anaweza kuzima joto la kioo hicho, kupunguza kasi na kushuka chini zaidi, ambako tofauti ya hewa ya ndani na ya nje ni ndogo. Kisha ataamua iwapo ataendelea na safari au atatua katika kiwanja kilicho karibu.

Kwa abiria, uamuzi wa kurejea kiwanjani huonekana kuwa usumbufu, hasa anapoarifiwa kwamba ni ufa tu. Lakini ufa ambao chanzo chake hakijajulikana unaweza kuwa wa jiwe dogo lililogonga tabaka la nje, kama ilivyokuwa Denver, au wa cheche zinazounguza matabaka ya ndani, kama ilivyokuwa katika safari ya Lhasa. Akiwa angani, rubani hana kipimo cha kumthibitishia chanzo hicho.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kioo cha ndege hauzibwi, bali kioo kizima hubadilishwa. Kinachoweza kuzibwa ni mwanya wa mpira uliochakaa pembeni mwake, na hiyo ni kazi ya fundi anayekagua ndege kabla baridi haijafika.