Laptopu kuukuu ya Linux ikikosa sauti

Usikimbilie kwa fundi. Mara nyingi laptopu ya zamani iliyowekwa Linux huwa haikuharibika sauti, imefungwa tu. ALSA, mfumo wa sauti ulioingia katika kiini cha Linux toleo la 2.6 mwaka 2003, kwa kawaida huanza na njia za sauti zikiwa zimezimwa.

Kwanza, fungua dirisha la amri uandike: aplay -l. Ukiona jina la kadi ya sauti, imetambuliwa. Usipoliona, angalia kama imezimwa kwenye BIOS au haina draiva.

Pili, andika: alsamixer. Bonyeza F6 uchague kadi yako, kwani inayotangulia yaweza kuwa ya HDMI. Penye MM chini ya Master au Speaker, bonyeza M igeuke 00, kisha upandishe kwa mshale wa juu.

Ikiwa vya masikioni vyasikika na spika ni kimya, zima Auto-Mute Mode. Huenda tundu lililochakaa ladhani waya ungali umechomekwa.

Mwisho, hifadhi kwa: sudo alsactl store.

Yote haya hayagharimu hata shilingi. Yakishindikana, hapo ndipo umwone fundi, nawe wajua la kumwambia.