Nguvu ya Kuazima: Injini za Kwadi na za Pikipiki za Motokrosi

Mabishano kuhusu kwadi za mbio na pikipiki za motokrosi huanzia kwenye nguvu farasi, na mara nyingi huishia hapohapo. Injini ya pikipiki ya cc 450 hutoa farasi 50 na ushei. Ya kwadi yenye cc hizohizo, ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, hutoa 40 hivi. Wengi huhitimisha kwamba waliounda kwadi walibania, au waliogopa kesi mahakamani. Ukifuatilia historia ya vyombo hivi unaona jambo jingine. Injini nyingi zilizoipa kwadi sifa ziliazimwa kutoka kwenye pikipiki, na kila zilipoazimwa mafundi walizipunguza makali kwa makusudi, kwa sababu chombo cha matairi manne kinadai nguvu ya namna nyingine.

Mwanzo wa kwadi haukuwa wa mbio hata kidogo. Tawi la Honda la Marekani lilitaka kitu cha kuuza majira ya baridi, wakati wateja wa pikipiki wanapotoweka, na mhandisi Osamu Takeuchi akabuni chombo cha magurudumu matatu kilichoingia sokoni mwaka 1970: injini ya cc 89, farasi 7, na matairi manene yenye upepo kidogo yaliyoelea juu ya theluji na mchanga. Kwa miaka kumi kilikuwa chombo cha starehe na cha shambani. Mwaka 1981 Honda ilitoa ATC250R yenye injini ya mipigo miwili, na watu wakaanza kukikimbiza kwa dhati. Suzuki ikaongeza gurudumu la nne kwenye QuadRunner ya modeli ya 1983, na mwaka 1985 ikaleta QuadRacer LT250R, kwadi ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya kasi. Honda ikajibu mwaka uliofuata kwa TRX250R. Hapo ndipo swali la nguvu lilipozaliwa, kwani sasa mnunuzi alikuta dukani pikipiki ya cc 250 na kwadi ya cc 250 zimesimama bega kwa bega.

Mpinzani wa hoja yangu ataleta ushahidi wake hapa, na ni ushahidi mzito: Yamaha Banshee ya mwaka 1987. Ilikuwa na silinda mbili, cc 347, na sauti ambayo kwenye milima ya mchanga ya California ilitambulika kabla chombo chenyewe hakijaonekana. Je, hiyo nayo ilipunguzwa? Ilipunguzwa. Injini yake ilitoka kwenye RZ350, pikipiki ya barabarani iliyokuwa na vali kwenye tundu la moshi, zinazojifungua na kujifunga kufuata mwendo wa injini. Banshee ilinyimwa vali hizo, na nguvu yake ikabaki chini sana ya ile ya ndugu yake wa lami. Makali yaliyoipa umaarufu wa mchangani mara nyingi yaliongezwa na wamiliki wenyewe, kwa kubadili ekzosi, kabureta na vichwa vya silinda. Suzuki LT500R ya mwaka huohuo ilijaribu njia ya mkato, silinda moja ya cc 500 za mipigo miwili. Iliogopwa na kupendwa, lakini baada ya 1990 haikuonekana tena kwenye orodha ya mauzo.

Pingamizi la pili linahusu sheria. Mwezi Aprili 1988, baada ya vifo na majeruhi wengi, makampuni makubwa ya vyombo hivi yalifunga makubaliano ya kimahakama na serikali ya Marekani: magurudumu matatu mapya yasiuzwe tena, wanunuzi wapewe mafunzo, na watoto wasiuziwe vyombo vya watu wazima. Ni kweli kwamba makubaliano hayo yalituliza kiu ya mbio. TRX250R ilikoma mwaka 1989, na waendesha mbio wa miaka ya 1990 wakaendelea kuifufua injini yake ndani ya fremu za mafundi binafsi. Lakini makubaliano hayakuweka kikomo chochote cha nguvu farasi. Na tabia ya kupunguza makali ilikuwepo kabla ya 1988 na ikaendelea baada ya makubaliano hayo kwisha mwaka 1998. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi kuieleza.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa miaka ya 2000. Mwaka 1997 Doug Henry alishinda mbio za supercross za Las Vegas akiwa na Yamaha ya majaribio ya mipigo minne, na motokrosi yote ikageuka. Injini mpya za cc 450 zikahamia kwenye kwadi: Yamaha YFZ450 na Honda TRX450R, zote za modeli ya 2004. Tazama alichofanya fundi wa Honda. Pikipiki ya CRF450R ilikuwa na silinda yenye upana wa milimita 96, na pistoni ilisafiri milimita 62.1. Kwa ajili ya kwadi, upana ulipunguzwa hadi 94 na safari ya pistoni ikaongezwa hadi 64.8, huku mgandamizo ukishushwa. Injini ya namna hiyo haipendi kupiga kelele juu kabisa, ila huvuta mapema, mzunguko ukiwa bado wa chini. Kwadi inahitaji hivyo hasa. Ekseli yake ya nyuma haina difu, magurudumu mawili huzunguka sawasawa, na ili ikate kona lazima nyuma iteleze kidogo. Dereva huongoza utelezi huo kwa kidole gumba kwenye wenzo wa mafuta, na nguvu inayolipuka ghafla humnyang'anya uongozi.

Haki inanidai nitaje kwamba mwaka 2006 Honda ilirudi kwenye 96 kwa 62.1, kwa sababu YFZ450 ilikuwa ikiishinda. Soko lilidai farasi zaidi, na hilo linaipunguzia hoja yangu uzito kwa kiasi. Lakini uzito wa chombo wenyewe haukubadilika. Pikipiki ya cc 450 ilikuwa na kilo 100 hivi, kwadi 160. Mpandishe dereva wa kilo 75: kila farasi wa pikipiki anabeba kilo tatu na nusu, wa kwadi karibu sita. Ili zilingane, kwadi ingehitaji farasi 67. Dereva wa bodaboda aliyepakia magunia mawili ya mkaa anaijua hesabu hii bila kalamu.

Kuna watakaosema basi kwadi ipewe injini kubwa, jambo liishe. Mbio za Dakar zilifanya jaribio hilo mbele ya dunia nzima. Tangu 2011 pikipiki zake zilifungiwa cc 450, wakati kwadi ziliruhusiwa kuzidi, na Yamaha Raptor 700 yenye cc 686 ndiyo iliyotawala kundi la kwadi. Ndugu wawili wa Argentina, Marcos na Alejandro Patronelli, walishinda kundi hilo mara tano kati ya 2010 na 2016, na ni madereva ambao hakuna awezaye kudai hawakujua kazi. Hata hivyo mshindi wa kwadi alifika saa kadhaa baada ya mshindi wa pikipiki, njia ikiwa ni moja. Cc zaidi ya 200 za nyongeza zilimezwa na uzito unaopaswa kusimamishwa kabla ya kila kona, pamoja na mapito ya mawe ambamo pikipiki hutafuta upenyo wa gurudumu moja, ilhali kwadi lazima itafutie nafasi magurudumu yake yote manne.