Ngozi Haisemi Nani Aliyemla Ng'ombe

Mwaka 1886 Bunge la Tasmania lilikaa kuamua hatima ya mnyama mmoja. Mbunge John Lyne, mfugaji wa pwani ya mashariki ya kisiwa hicho, alidai kwamba thailasini walikuwa wakiua kondoo kati ya 30,000 na 40,000 kila mwaka, akaomba hazina ya serikali imlipe yeyote atakayemwua. Thailasini alikuwa mnyama wa mfuko kama kangaruu, mwenye umbo la mbwa na mistari myeusi mgongoni, na hakuwa akipatikana mahali pengine popote. Hoja ya Lyne ilipita kwa kura 12 dhidi ya 11. Kuanzia 1888 hadi 1909 serikali ililipa paundi 1 kwa kila aliyekomaa na shilingi 10 kwa mtoto, na daftari zake zinaonyesha malipo 2,184. Hesabu hiyo haigusi zawadi za watu binafsi. Kampuni ya Van Diemen's Land, iliyokuwa na mashamba makubwa ya kondoo kaskazini-magharibi, ilikuwa imeanza kulipa tangu 1830, na mwaka 1884 wafugaji wa Buckland na Spring Bay waliunda chama chao cha kuwamaliza thailasini na tai.

Naanza na Tasmania kwa sababu kumbukumbu zake ni kamili kuliko nyingi, na kwa sababu zinafichua kasoro ambayo, kwa maoni yangu, imo ndani ya mpango wowote wa namna hii. Zawadi hulipa mzoga, hailipi usalama wa zizi. Karani anapewa kichwa au ngozi, anaandika jina, anatoa fedha. Hana njia ya kujua kama mnyama aliyeko mezani alikuwa mwizi wa kondoo au alinaswa porini umbali wa siku tatu kutoka zizi la karibu. Mwindaji anayejua kazi yake atakwenda panapopatikana wanyama wengi kwa jasho kidogo, na hapo si lazima pawe mahali penye madhara. Ukimlipa mtu kwa vichwa, atakuletea vichwa, na pengine atapokea kwa mwenye shamba kwanza ndipo aende kwa serikali.

Je, madai ya Lyne yalikuwa ya kweli? Mtafiti Robert Paddle, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu thailasini, anaonyesha kwamba hasara zilikuzwa mno, na kwamba mbwa wa kufugwa waliotoroka na wezi wa mifugo walikuwa na lawama kubwa kuliko mnyama huyo. Utafiti wa fuvu na taya uliochapishwa mwaka 2011 uliongeza kwamba mdomo wake ulifaa zaidi mawindo madogo kuliko kondoo mzima. Tuseme hata hivyo kwamba baadhi yao walikula kondoo. Bado sheria haikuwatenga hao na wengine, na wala isingeweza. Kondoo waliendelea kuibwa na kuraruliwa na mbwa, maana hakuna aliyelipwa kuzuia hayo. Thailasini walipungua ghafla baada ya 1905, na baadhi ya watafiti wanaamini ugonjwa nao ulichangia, kwa hiyo si haki kuitwisha zawadi peke yake mzigo wote. Lakini hapo ndipo ubaya wa mpango huu unapoonekana: malipo kwa kichwa hayana sikio la kusikia kwamba mnyama ameshapungua. Malipo yalikoma pale ambapo hapakuwa na wa kuletwa. Ulinzi wa kisheria ulitangazwa Julai 1936, na thailasini wa mwisho anayejulikana alikufa katika bustani ya wanyama ya Hobart tarehe 7 Septemba mwaka huohuo, siku 59 baadaye.

Wamarekani walipata nafasi ya kuipima gharama ya zawadi kama hizo kwa dola. Mwaka 1885 jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kulipa senti 50 kwa kila mwewe, bundi, cheche au minki, ili kuwaokoa kuku wa wakulima. Mwaka uliofuata C. Hart Merriam, mkuu wa kitengo cha serikali kilichochunguza ndege na wanyama, alipiga hesabu. Katika mwaka mmoja na nusu jimbo lilikuwa limetumia takriban dola 90,000 kuokoa kuku ambao thamani yao, kwa makadirio yake, ilikuwa dola 1,875. Zaidi ya hapo, ndege waliouawa ndio waliokuwa wakila panya na wadudu wa mashamba, na kwa kuwaua wakulima walijiongezea hasara ambayo Merriam aliikadiria kuwa karibu dola milioni 4. Mtu anaweza kubishana na makadirio hayo ya mwisho, kwani thamani ya panya ambaye hakuliwa ni jambo la kukisia. Hizo 90,000 hazikuwa za kukisia, zilikuwa fedha zilizolipwa.

Afrika Mashariki iliingizwa kwenye fikra hizohizo kwa mkataba. Mei 1900 mataifa yaliyokuwa yameigawana Afrika, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Ureno miongoni mwao, yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyamapori wa bara hili. Ni mkataba wa uhifadhi, lakini una jedwali la wanyama waharibifu wanaotakiwa kupunguzwa: simba, chui, fisi, mbwa mwitu, fisi maji, nyani, mamba, chatu, nyoka wenye sumu. Hata mayai ya mamba na ya nyoka yaliamriwa kuvunjwa. Mkataba haukupata kuidhinishwa na wote waliousaini, ila mgawanyo wake wa wanyama wema na waovu ulibaki katika sheria za uwindaji za makoloni kwa miongo kadhaa. Mwema alikuwa yule ambaye Mzungu mwenye leseni angependa kumpiga mwenyewe, na simba alikuwa mshindani wake.

Wapo watakaosema historia hii inachagua mifano ya kushindwa. Mbwa mwitu wa Amerika Kaskazini walikwisha karibu kote kusini mwa Kanada, na walowezi wa Massachusetts walikuwa wakilipa kwa kila mmoja tangu 1630. Basi zawadi ilifanya kazi. Jibu langu ni kutazama muda. Karibu miaka 300 baada ya Massachusetts, mbwa mwitu walikuwa bado wapo magharibi ya Marekani, na makaunti yakiendelea kulipa. Kilichowamaliza ni uamuzi wa Bunge la Marekani mwaka 1915 wa kuajiri wategaji wa mshahara, wakiwa na mitego ya chuma na sumu ya striknini. Kwa hiyo hata kwa shabaha ya kuangamiza, zawadi ilikuwa chombo cha taratibu na cha ghali. Kwa shabaha ya kupunguza, ambayo ndiyo inayotajwa leo katika mabaraza ya wafugaji, haina breki kabisa.

Pingamizi zito zaidi ni la watu wanaoliwa. Huko Njombe, katika miaka ya 1930 na 1940, simba waliua watu kwa mamia, na wengine hutaja 1,500 ingawa idadi hiyo inabishaniwa. Hakuna mwenye haki ya kumwambia mjane wa Njombe asubiri sera bora. Lakini tuangalie jinsi simba hao walivyokomeshwa. George Rushby wa idara ya wanyamapori, pamoja na askari wake, waliwafuatilia simba wa eneo hilo hasa, wakaua 15, na mauaji yakakoma. Askari hao walikuwa watu wa mshahara, na shabaha yao ilikuwa makundi yanayojulikana. Rushby mwenyewe aliamini kwamba chanzo kilikuwa kuuawa kwa wanyama wa porini ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usiende kusini, hata simba wakakosa mawindo. Zawadi iliyotangazwa nchi nzima ingeleta ngozi kutoka Ruaha na Rungwa, na Njombe wangeendelea kuzika.

Kuna aina ya zawadi ambayo haikutoka serikalini, nayo inanivutia zaidi. Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao bonde la Rukwa, kandokando ya Katavi, walikuja na desturi ya kumtuza aliyeua simba. Kijana huzunguka kwa ndugu na majirani akicheza, na wao humpa ng'ombe au fedha kwa kuwa ameondoa adui wa mifugo ya wote. Hapa mlipaji ni jirani, si karani wa mbali, na mtu angetegemea kwamba jirani anajua nani alishambuliwa na nani hakushambuliwa. Hata hivyo watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2014 waligundua kwamba kilichoanza kama kisasi kilikuwa kimegeuka uwindaji: vijana waliwafuata simba ndani ya maeneo ya hifadhi, bila ng'ombe aliyeliwa, kwa sababu ya zawadi inayofuata. Mzunguko ulipofika vijiji vya mbali, waliotoa walikuwa wanaona ngozi tu, kama yule karani wa Tasmania. Mpango wa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, haukujaribu kuifuta desturi. Uliwarudia wazee wa Kisukuma na viongozi wa vijiji ili wao wenyewe, kwa sheria ndogo, wamnyime zawadi anayeua simba asiyeshambulia.

Upande wa Kenya, katika ranchi ya pamoja ya Mbirikani karibu na Amboseli, fedha zimegeuzwa zielekee pengine. Tangu 2003 kuna mfuko unaomfidia mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba, baada ya mkaguzi kufika kwenye mzoga wa ng'ombe, na kiasi hupungua iwapo boma lilikuwa bovu au mifugo iliachwa nje. Mtu akiua simba, wenzake pia hukosa malipo ya kipindi hicho, kwa hiyo majirani wana sababu ya kumzuia. Kuanzia 2007 mpango wa Lion Guardians uliwaajiri morani, baadhi yao wakiwa wameshaua simba, wafuatilie nyayo, wawaonye wachungaji, watafute ng'ombe waliopotea na kuimarisha maboma. Ujuzi unaotumika ni uleule wa mwindaji. Lawama ya kwamba mipango hii hutegemea wafadhili ni ya haki, na mfadhili akiondoka sijui nani atalipa mishahara. Ila hazina za Tasmania na Pennsylvania nazo zililipa kwa miaka, na zilichonunua kilikuwa marundo ya ngozi na vichwa.