Mgomba wa Uchaga na Somo Lake

Sisi watu wa pwani twaujua mnazi: tui lake, makuti yake, makumbi yake na vifuu vyake. Wenzetu wa Uchaga, katika miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, nao wanao mti wao wa namna hiyo: ni mgomba.

Asili ya mgomba ni Asia ya Kusini Mashariki. Ulivuka bahari zamani sana, ukaenea bara hata ukafika mlimani. Huko Wachaga waliufanya nguzo ya kihamba, yaani shamba la ukoo ambalo mtoto hulirithi kwa babake, likiwekewa mipaka ya masale na kunyweshwa kwa mifongo iletayo maji ya mlimani.

Hakuna kitupwacho. Ndizi mshare hupikwa kwa nyama. Zikipondwa huwa mtori, chakula cha mama aliyejifungua. Majani makavu yaliezekea nyumba. Majani mabichi na mashina hulishwa ng'ombe wafugwao nyumbani, na samadi yao hurudi shinani mwa mgomba. Ndizi mbivu na ulezi hufanywa mbege, na hapo ndipo Muislamu anapojitenga: hula tunda, akaacha kileo.

Mwisho wa karne ya 19 mapadri wa misheni ya Kilema walipanda mibuni, na kahawa ikaja kuleta fedha. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikafuata KNCU. Watoto wakasomeshwa, nyumba zikaezekwa mabati. Hata hivyo wengi hawakung'oa migomba, bali waliipanda mibuni chini ya kivuli chake.

Tazameni hekima yake. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya mgao wa kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Na mwaka 2001 ikawa duni mno. Mfuko wa mkulima ulikuwa mtupu, lakini mwenye migomba chungu chake hakikukosa kitu.

Ndugu msomaji, jambo hili latuhusu. Kuna mtu hukata minazi ya babu yake apate kiwanja cha kuuza, na mwaka wa pili yuko sokoni akinunua nazi. Kutafuta fedha ni halali. Lakini kuwakatia watoto riziki yao kwa tamaa ya bei ya mwaka mmoja si akili. Bei hupangwa na watu usiowajua. Mgomba uko nyuma ya nyumba yako.

Wabillahi tawfiq.